Konseto Iliyotundikwa kwenye Wimbi

Nyaruai Ndung'u,
S.L.P. 1186,
Kitale.

11 Februari 2007.

Mpendwa ndugu yangu Kimotho,

Salamu nyingi zikufikie huko Uholanzi, wewe na Marijke na Wamboi mdogo. Natumaini baridi haijawazidi. Je, kifua cha mtoto kimepona? Mwambie shangazi yake anamwombea kila asubuhi. Kwa jina alilobeba yeye ni mama yangu, kwa hiyo akikohoa huko, mimi huku ndiye ninayekosa usingizi.

Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Goti langu la kulia bado linanisumbua nikitoka kisimani. Mume wangu Ndung'u ni mzima isipokuwa ule ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia aache kuweka sukari kwenye chai, naye alikubali vizuri sana mbele ya daktari. Binti yetu Beth amerudi chuoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama Baba alivyotuzoesha, barua kwa Kiswahili na ugomvi kwa Kikuyu. Ukiona mahali mwandiko umepinda, usidhani ni uzee.

Habari za shamba si nzuri. Ile mvua ya mwisho wa mwaka ilikataa kuisha, mahindi yakaota yakiwa bado kwenye mabua. Karibu nusu tumewapa nguruwe. Nasikia hata kule Tongaren, ambako watu huvuna mpaka wakose magunia, mwaka huu wanakula kwa kupima. Sasa jua limewaka na tunalima tena, kwa sababu hakuna kazi nyingine tunayoijua.

Unamkumbuka Jerono, yule mama wa Kapsokwony aliyekuwa akituletea viazi? Huko mlimani watu wanapigana kwa ajili ya mashamba. Alishuka na watoto wanne na sufuria moja, na sasa wanalala ndani ya kanisa pale Chwele. Nilimpelekea blanketi za Baba, zote mbili. Najua hutakasirika. Zilikuwa zimekaa tu kwenye sanduku, nami kila nikilifungua nilikuwa nasikia harufu yake.

Sasa nije kwenye barua yako ya Krismasi. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Unasema sidii yenu mpya ya konseto, ule muziki wa piano na okestra, inachapishwa mwisho wa Machi, na wakubwa wako wamekuruhusu kuweka maneno yako kwenye kijitabu cha ndani. Nawe umeandika hivi: "Kwa baba yangu Hiram Ngige wa Kitale, aliyeisikia kazi yangu akiwa kitandani mwake, akasema inatosha." Unataka nikuambie kama maneno hayo yako sawa, na kama jina limeandikwa vizuri.

Jina limeandikwa vizuri. Hayo mengine si kweli, Kimotho, na aliyekupa uongo huo ni mimi.

Nimekupigia simu mara tatu nikuambie. Kila ukipokea, naanza habari za ng'ombe. Nimeona simu si ya mambo haya. Nikianza kulia, pesa za simu zitaisha, nawe ubaki umeshika simu sikioni hujui kama nimekufa. Kwa hiyo kaa chini, mwambie Marijke amchukue mtoto, na usome mpaka mwisho hata kama utataka kuichana.

Itabidi nirudi mpaka mwaka wa 2002, samahani. Mama alifariki Jumatatu, tukamzika Jumamosi, tarehe kumi na sita Machi. Wewe ulisema huwezi kuja. Ukumbi ulikuwa umekodiwa, okestra nzima ilikuwa imekaa, mpiga piano alikuwa ametoka nchi ya mbali, na ilikuwa mara yako ya kwanza kukabidhiwa mitambo yote ya kurekodi. Nilikwambia nimeelewa. Kwa mdomo nilielewa. Moyoni nilikuita majina ambayo siwezi kuyaandika kwa lugha yoyote.

Hujawahi kuambiwa jambo hili. Wakati wa kutupa udongo kaburini, Baba alitupa konzi moja, akainama tena na kutupa ya pili. Hiyo ya pili ilikuwa yako. Kanisa lote liliona, na hakuna aliyethubutu kumwambia pole.

Ulipokuja Desemba mwaka ule, yeye alikuuliza mezani, mbele yangu, siku ile ulikuwa unafanya nini. Ulimweleza vizuri, nakumbuka. Ulisema mlikuwa mnarekodi konseto ya piano kwa namna mpya, yenye sauti safi kuliko sidii zote, isiyopoteza hata pumzi ya mtu. Ulisema anayekaa mbele ya spika atajua kila fidla imekaa wapi. Baba alikusikiliza. Mtu aliyefundisha kwaya miaka thelathini na moja, aliyeweza kusimama mlango wa nyuma akajua ni nani kwenye sauti ya pili ana mafua, hawezi kuacha kusikiliza habari kama hiyo. Halafu akasema, "Nitaisikia hiyo. Nijue ni kitu gani kilikuwa kikubwa kuliko Wamboi."

Baada ya hapo, ukipiga simu alikuuliza habari za hali ya hewa tu. Miaka minne, Kimotho, mvua na baridi.

Sidii yenyewe ilifika Mei 2004. Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi yenye maneno manne: "Baba, hii ndiyo ile." Hapa lazima nikukaripie. Nyinyi mnaokaa katikati ya mashine mnadhani kila mtu anaamka nazo. Ungeongeza mstari mmoja tu, kwamba hii si sidii ya kawaida na inahitaji mashine yake, leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini hilo ni kosa dogo, na langu linakuja.

Baba alivaa koti. Koti la kanisani, la kusikilizia redio ya sebuleni! Tukaiweka. Mashine ikazunguka, ikalia kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha ikaandika kwa taa nyekundu kwamba hakuna sidii ndani. Tukaitoa, tukaipanguza, tukairudisha. Ikaandika vilevile.

Kesho yake nikaipeleka kwa Gachanja, yule mwenye duka la filamu na kanda karibu na soko. Alijaribu kwenye mashine tatu. "Mama Beth, hii ni empty," akaniambia. "Ati ni orijino kabisa, hata karatasi yake ni ya bei, lakini ndani hakuna kitu. Si unaona vile imeandika? Labda walisahau kuweka muziki."

Nilirudi nikamwambia Baba. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari. "Basi," akasema, akaenda kuangalia ndama.

Wiki hiyohiyo nilikuwa napanguza kabati, nikafungua kile kisanduku na kusoma nyuma yake kwa Kiingereza changu cha fomu foo. Yalikuwa maandishi wazi kabisa, kwamba ichezwe kwenye mashine ya Super Audio peke yake. Nilielewa palepale. Ningeweza kutoka nje nimwite Baba. Lakini chini kidogo kulikuwa na maandishi mengine madogo zaidi, tarehe za kurekodi. Tarehe 13 mpaka 17 Machi, 2002.

Nilihesabu kwa kidole. Kumi na sita ilikuwa humo katikati. Nilikuona akilini, saa tano ya asubuhi ile unafunga nyaya na kunyamazisha watu, na mimi nimemshika Baba kiwiko pembeni ya shimo asianguke. Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Nikafunga kisanduku, nikakirudisha kabatini, nikasema moyoni, wacha abaki akijua ni tupu.

Mwezi wa saba wimbi letu la uji likaanza kukomaa shambani, na wale ndege wadogo wakaja kama kawaida yao. Unajua tunavyofanya. Zamani tulifunga utepe wa kanda kutoka mti hadi mti ulie kwenye upepo, na siku hizi tunatundika sidii mbovu kwa sababu zinamulika. Gachanja alikuwa amenipa kumi na mbili, za filamu zilizokwisha kukwaruzika. Nilizifunga zote kwa katani. Kisha nikaingia ndani ya nyumba, nikachukua yako, nikaifunga pia.

Hakuna aliyenituma. Niliitundika katikati kabisa ya shamba, mahali ndege walikuwa wengi. Ilikuwa na rangi ya dhahabu kidogo, ikamulika kuliko zile nyingine. Nakuambia ukweli wote leo: nilisimama pale nikaitazama ikigeuka kwenye jua, na nilifurahi.

Ilikaa huko msimu ule, na msimu uliofuata. Wimbi likivunwa, niliihamishia kwenye waya wa banda la kuku, ifukuze mwewe. Wewe ulipokuwa ukiuliza kwenye simu kama Baba ameisikia, nilisema bado, hajapata nafasi. Mwisho ukaacha kuuliza. Nilijua unafikiri amekataa kuisikiliza, na hilo pia nikaliacha likae hivyo.

Halafu ukaja ugonjwa wa tumbo la Baba. Unayajua hayo, madaktari wa Eldoret walimfungua, wakatazama, wakamshona, wakatuambia tumpeleke nyumbani. Hiyo ilikuwa Juni mwaka jana. Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko, akausukuma mkono wangu. "Nyaruai, ile sidii ya Kimotho iko wapi?"

Nikarudisha kijiko bakulini. Nikamwambia, "Si ilikuwa tupu, Baba?"

"Kimotho ni mkaidi lakini si mjinga," akasema. "Hawezi kutuma kitu tupu kwa posta mpaka hapa. Huyo Gachanja hajui kitu. Tafuta mtu anajua, uende hata mbali. Nataka kusikia hiyo kitu kabla nifunge macho."

Nilienda bandani nikakata ile kamba. Sidii ilikuwa imefifia kama sahani iliyosuguliwa kwa mchanga, na ukingo wake umeliwa na waya. Niliiosha kwa sabuni, nikaikausha kwa leso, nikaifunga ndani ya kitambaa cha meza. Kesho yake nikaenda Bungoma kwa Mwalimu Wanjala.

Unamjua. Ndiye aliyekuwa mwamuzi kwenye mashindano ya kwaya, akamnyima Baba nafasi ya kwanza, wakagombana mpaka wakawa marafiki. Amestaafu sasa. Binti yake Jentrix, muuguzi kule Uingereza, alimletea mashine inayosoma kila aina ya sidii, na mzee huyo hukaa mbele yake kutwa nzima. Mkewe, Phelista, alinipa chai na ndizi. Niliviacha mezani.

Wanjala aliitazama ile sidii, akanitazama mimi, hakuuliza imetoka wapi. Akaiweka. Mashine ilikaa muda mrefu ikifikiri. Kisha ikawasha taa ya buluu, Kimotho, ikacheza.

Kwanza hapakuwa na muziki. Palikuwa na ukumbi. Sikujua kwamba mtu anaweza kusikia ukumbi mtupu, lakini niliusikia, ule ukimya mkubwa wenye watu wamekaa ndani yake. Mtu mmoja alifungua karatasi upande wa kulia. Halafu zile fidla kubwa zikaanza kutoka chini, polepole, na nyingine zikajibu kutoka upande wa pili wa chumba cha Wanjala, kana kwamba ukuta umeondolewa. Piano ilipoingia nilisikia kiatu cha yule mtu kikikanyaga pedali. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya mahali pagumu.

Wanjala alishika kiti kwa mikono miwili. "Mama Beth, sikiriza huyo mtu anapumua!" akasema. "Nimehukumu kwaya miaka ishirini, rakini kitu kama hii sijawahi kusikia, bana. Huyu kijana wenu ametuweka ndani ya nyumba yao."

Nililia. Mwanzo nililia kwa hasira, kwa sababu miaka yote nilitaka kazi yako iwe kitu kidogo, na haikuwa kitu kidogo. Nilielewa kwa nini hukutoka ndani ya ule ukumbi. Bado sikubali kwamba ulifanya vizuri, na hata nikifa sitakubali. Lakini nilielewa, na nilitaka Baba aisikie siku hiyohiyo.

Ilicheza dakika nne hivi. Halafu ikakwama kwenye noti moja, ikairudia kama mtu mwenye kwikwi, ikanyamaza. Tukaanza tena, ikakwama mapema zaidi.

Wanjala akasema mikwaruzo hiyo ina dawa. Wewe umekaa nje sana, pengine umesahau: huku sidii ikikwama tunaisugua kwa dawa ya meno, tunaiosha, na mara nyingi filamu inaendelea. Hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi, kwa hiyo sikumzuia. Alipaka kwenye pamba, akaisugua taratibu, kuzunguka na kuzunguka, kwa upendo kama anayesafisha jeraha. Akaisuuza, akaikausha kwa shati lake. Alipoirudisha, mashine iliandika maneno yaleyale ya mwaka wa 2004.

Alijaribu mpaka jua likashuka. Wewe utajua ni kwa nini ile sauti yenu haivumilii dawa ya meno. Mimi najua tu kwamba haikusoma tena.

Utauliza kwa nini sikukupigia utume nyingine. Ningekuambia ile ya kwanza imepatwa na nini? Tena kifurushi kinachukua wiki tatu, na Baba alikuwa ameanza kukataa hata maji.

Wanjala alinipa mashine yake na spika zake nizibebe. Kisha akafungua kabati, akatoa sidii nyingine, ya kawaida. "Hii ni konseto hiyohiyo," akasema, "rakini ni rekodi ya zamani, wanaopiga ni wengine. Mzee asikie hata wimbo wenyewe." Alitaka nimwambie Baba hivyo. Alinipa kwa moyo mweupe, na mpaka leo hajui nilichofanya nayo. Nilikuwa njiani kurudi Kitale, mashine iko magotini, nilipoamua nitasema ni yako.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Ndung'u aliunganisha nyaya. Baba aliomba koti, tukamwekea mabegani palepale kitandani. Niliweka sidii nikiwa nimempa mgongo, asione picha ya juu.

"Ni ya Kimotho?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Alisikiliza mwanzo hadi mwisho, macho amefumba, kidole kinahesabu juu ya blanketi. Ilipoisha alifumbua macho. "Inatosha," akasema. "Mwambie inatosha."

Nilikupigia jioni ileile. Ulilia mpaka Marijke akachukua simu akaniuliza kama Baba amekufa. Mimi nililala usingizi mzuri, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Alifariki siku tisa baadaye. Ulikuja, ukasimama mbele ya watu kando ya kaburi, ukasema unashukuru Mungu kwamba baba yako aliisikia kazi yako kabla hajaenda. Watu walisema amina. Mimi nilikuwa mstari wa pili, natazama viatu vyangu. Ningekuambia wakati ule, lakini ulikuwa umenyooka kwa mara ya kwanza tangu Mama afe, nikakosa nguvu ya kukuvunja. Leo nakuvunja kwa sababu unataka kuandika kwenye kitu kitakachouzwa dunia nzima, na watoto wako watakisoma.

Kuna jambo moja limebaki, nami nilikatazwa kukuambia.

Siku tatu kabla ya kufa, Ndung'u alikuwa amekwenda kukama. Baba akaniita nisogee, sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Nyaruai, ile haikuwa ya Kimotho."

Nikaanza kumnyooshea blanketi.

"Nilikuwa napika kwa mzungu huko Endebess," akasema. "Kila Jumapili alikuwa anaweka hiyo santuri. Pale piano inataka kuingia, kuna kiti kinalia, kama mlango mbovu. Ile yenu ya juzi ilikuwa na hicho kiti. Wakati huo hata mama yenu sijamwona."

Nilipiga magoti. Nikamwambia ile yako imeharibika. Sikumwambia imeharibiwa na nani. Alinitazama muda mrefu, na hakuuliza.

"Kwa hivyo sitaisikia," akasema.

"Hapana, Baba."

Machozi yalimtoka, Kimotho. Sikuwahi kuyaona, hata kwa Mama. Niliyapanguza kwa mkono wangu. Nikamuuliza kama sasa nikupigie nikuambie ukweli, kwamba lile neno la inatosha lilikuwa la rekodi ya watu wengine.

"Usimwambie," akasema. "Hilo neno halikuwa la muziki. Mimi na yeye tulimalizana ile asubuhi nilikutuma uitafute. Kama tungekuwa bado, ningeitafutia nini?"

Hayo ndiyo yote. Kwa hiyo usichapishe maneno yale. Baba hakuisikia kazi yako hata noti moja, na piano haikukuombea msamaha. Alikusamehe mapema, akisukuma kijiko cha uji, akijua tu kwamba wewe si mtu wa kutuma kitu tupu. Ukitaka kuandika jina lake, andika hivi: "Kwa baba yangu Hiram Ngige, ambaye hakuisikia."

Ndung'u anakusalimia, na Beth pia. Mwalimu Wanjala na Phelista kila wakiniona wanaulizia habari zako. Mpe Marijke salamu zangu, na Wamboi mdogo umbusu kwenye paji la uso. Mungu awafunike nyote, awape afya, na mikono yako isichoke kufanya kazi nzuri.

Wewe ulisamehewa na mwenyewe. Mimi nilikuwa na siku tatu za kumwambia Baba habari ya wimbi, nikanyamaza. Sasa nimebakiwa na wewe tu wa kumwomba.

Dada yako akupendaye, anayeliogopa jibu lako na kulingoja,

Nyaruai